Meno ya Kushoto

Nyumbani, 4 Februari

Baba Kibogoyo,

Salamu utazikuta mwishoni, kwa sababu nina hasira, na nikianza na salamu nitapoa kabla sijasema.

Mashine yako ya kukatia magogo imenigomea. Tangu uondoke Desemba nimekata nayo kuni, na muuza nyama nimemkatia magogo mawili ya kukatia nyama, haikuwa na neno. Sasa nikiiwasha inanguruma vizuri tu, lakini nikiigusisha kwenye gogo inatoa moshi na unga laini kama poda. Nakandamiza mpaka mabega yananiuma, gogo limetulia linanitazama. Nikaipeleka cheni kwa fundi wa vyuma pale njia panda. Akaiweka kwenye jiwe lake la umeme, cheche zikaruka hadi barabarani, watu wakasimama kushangaa. Aliponirudishia, meno yalikuwa ya buluu. Nikamuuliza mbona buluu, akasema ndio ukali wenyewe huo, mama. Nilikata dakika tano ikafa kabisa.

Ulipoondoka uliacha maelekezo ya kila kitu, mpaka namna ya kuinua mlango wa nyuma ndipo ufunge. Kuhusu kunoa hukusema hata neno moja. Kila Jumamosi nilikuona kupitia dirisha la jikoni, umeliinamia lile jiliwa lako lililopigiliwa juu ya kisiki, limeibana mashine, unasukuma tupa huku midomo inacheza kama mtu anayesali. Sikuwahi kuuliza unasema nini. Nilidhani utakuwepo siku zote. Hilo linaniuma kuliko cheni.

Nifundishe kwa barua, maana huko kambini simu hazishiki. Honi, yule dereva wa lori la magogo, amekubali kubeba chochote mradi hakinuki.

Kibogoyo ameng'oka jino la tatu la mbele. Anakusalimu kwa mluzi.

Haya, na mimi nakusalimu. Nimekukumbuka mpaka naona aibu.

Mkeo


Kambini, 19 Februari

Mama Kibogoyo,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Huyo fundi wa njia panda asiguse kitu changu tena. Jino likishakuwa buluu limeungua, halishiki makali. Chukua moja ya zile cheni zilizotundikwa nyuma ya mlango wa stoo.

Fanya hivi. Bana mashine kwenye jiliwa, isicheze hata kidogo. Chukua tupa ya mviringo, ile nyembamba kama penseli. Utaona meno yamepishana, moja linaelekea kulia, linalofuata kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jino moja lipake rangi yako nyekundu ya kucha ujue ulipoanzia, usije ukazunguka kutwa nzima. Anza na ya kulia yote. Sukuma tupa kutoka ndani kwenda nje. Usiikokote kurudi, inua, rudisha, sukuma tena. Mara tatu kila jino, basi. Ukilionea huruma moja ukalipa mara tano, mengine yote yatadai.

Ukimaliza ya kulia, hamia upande wa pili wa kisiki na ubadilishe mkono. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanalazimisha mkono ule ule. Mimi meno ya kulia nayanoa kwa mkono wa kulia, ya kushoto kwa mkono wa kushoto, ndivyo alivyonifundisha marehemu baba. Upande mmoja ukiwa mkali kuliko mwenzake, mashine inavutwa kwenye ukali, na gogo linakatika mshazari.

Unataka kujua nasema nini. Si sala, nahesabu. Tupa ikienda mara ya kwanza nasema wewe, ya pili mimi, ya tatu Kibogoyo. Kabla hajazaliwa nilikuwa nanoa mara mbili.

Ukishindwa kabisa, mpe Honi cheni, nitakunolea huku. Mkataba unaisha mwisho wa Juni. Nikija nitakunolea mpaka useme imetosha.

Mumeo


Nyumbani, 10 Machi

Baba Kibogoyo,

Nimeshindwa. Usicheke. Nilibana, nikapaka rangi, nikasukuma kutoka ndani kwenda nje kama ulivyosema. Meno ya kulia nilijitahidi. Nilipobadilisha mkono, tupa ikateleza nikachubuka vidole vitatu. Mkono wangu wa kushoto hata kushika sindano haujui, leo ushike tupa? Kibogoyo alinifunga plasta mpaka kiganja kikawa kama mkate.

Kwa hiyo hizi hapa cheni mbili. Nimezifunga kwa lile shati lako la miraba lililochanika kwapani. Usilibakishe, nalitaka lirudi na cheni.

Sikujua kama unatuhesabu. Miaka yote hiyo nimekaa dirishani namenya viazi, kumbe natajwa jina huko nje!

Juni ni mbali. Nimeihesabu kwa vidole vilivyobaki.

Mkeo


Kambini, 2 Aprili

Mama Kibogoyo,

Cheni zimefika butu kwelikweli. Umezikatia nini, mawe? Nimezinoa Jumapili, wenzangu wote wakiwa wanafua. Jiliwa la huku limefungwa kwenye meza iliyosukumwa ukutani, kwa hiyo nikitaka kubadilisha upande nageuza mashine yote. Nilikumbuka kisiki chetu.

Shati lilikuwa linanuka sabuni yetu, na kidogo kitunguu. Nililiweka juu ya mto siku tatu kabla ya kulifungia cheni. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliniuliza kama naumwa kichwa, nikamwambia ndiyo.

Uwe unazituma. Kwa kweli usiache kuzituma. Kutwa nzima huku naangusha miti ya watu nisiowajua. Nikishika cheni yako najua nanoa kwa ajili ya nani.

Mumeo


Nyumbani, 20 Aprili

Baba Kibogoyo,

Imezama kwenye gogo kama kisu kwenye papai! Muuza nyama alisimama pembeni akasema, huyu mumeo amenoa akiwa na hamu. Nikamwambia nyamaza ulipe kuni zako. Lakini aliona kweli, na moyoni nilifurahi.

Nimeziangalia kabla sijazifunga. Jino la tisa la kushoto umelipa mara nne. Ulikuwa unamwaza nani wa nne hapo?

Natuma nyingine mbili na shati. Mpaka utakaporudi, hilo shati litakuwa limesafiri kuliko mimi.

Mkeo


Kambini, 30 Mei

Mama Kibogoyo,

Samahani kwa kukawia, kazi zimekuwa nyingi. Cheni hizo nimezinoa.

Mkataba umeongezwa mpaka Desemba. Sitaweza kuja Juni. Naomba usinikasirikie. Msalimie Kibogoyo, mwambie namkumbuka.

Mumeo


Nyumbani, 11 Juni

Wewe,

Wiki sita kimya, halafu mistari saba. Nimeihesabu. Risiti ya dukani ina maneno mengi kuliko barua yako.

Kuna jambo jingine. Nimefunga moja ya cheni hizo nikamkatia muuza nyama gogo jipya. Mashine ikawa inavutwa kulia kama punda anayeijua njia ya kwao. Nikikaza inarudi kushoto, nikilegeza inaenda kulia. Gogo limetoka mshazari, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Siku ya pili muuza nyama amekuja hapa na wateja wake wawili kama mashahidi. Anasema akiweka nyama inateleza mpaka kwa mteja kabla haijapimwa. Walicheka wote. Mimi sikucheka.

Miaka kumi na moja nimeishi na cheni ulizonoa, hakuna hata moja iliyowahi kwenda upande. Hii hukuinoa wewe. Kuna mtu mwingine anashika tupa yako. Unamfundisha, si ndiyo? Unasimama nyuma yake, unamwambia kutoka ndani kwenda nje, inua, rudisha. Na anapohesabu anamtaja nani?

Kama mpo wawili huko niambie. Nitalia nimalize. Ila usimpe cheni zangu akajifunzie.

Sijatuma shati.

Mama yake Kibogoyo


Kambini, 27 Juni

Mama Kibogoyo,

Naapa kwa kaburi la baba, hakuna mtu. Huku tuko wanaume arobaini na mpishi mmoja, naye ana ndevu.

Tupa ilikuwa imeisha, ndiyo sababu. Nimepata mpya nikanoa ile cheni ya akiba niliyoondoka nayo. Honi anakuletea. Utaona tofauti. Mwombe radhi muuza nyama kwa niaba yangu.

Lile shati nilikuwa nalingoja.

Mumeo


Nyumbani, 8 Julai

Baba Kibogoyo,

Safari hii sikukata nayo kitu. Niliibana kwenye jiliwa mchana wa jua kali, nikavaa miwani ya mama mkwe, nikakagua jino moja moja.

Ya kulia yako kumi na nane. Yote yanang'aa, yote yamelingana, mara tatu kila moja. Huo ni mkono wako, ningeutambua hata ningefumba macho. Kisha nikahamia upande wa pili wa kisiki. Ya kushoto yana mikwaruzo. Kuna lililopigwa mara nane na bado ni butu. Kuna ambalo tupa imeruka juu yake tu. Mtu anayejifunza huharibu pande zote mbili. Hapa nimeona mtu mmoja, ana mkono mmoja fundi, na mwingine sijui umepatwa na nini.

Nikazitoa barua zako. Mpaka Aprili mistari imenyooka. Kuanzia ya Mei inapanda kuelekea juu, karatasi imekuwa ikizunguka kila ulipoandika. Hakuna aliyekuwa anaishika.

Mkono wako wa kushoto una nini?

Honi nilimkalisha kwenye kiti nikamuuliza. Akasema shemeji, mimi ni wa kubeba tu. Nilimnyima andazi.

Heri ingekuwa mwanamke! Ningepanda lori nikaja kumtimua, tukaisha. Hili la kuumia peke yako na kunificha nilifanyeje?

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, na mimi nina langu. Najua kunoa. Nilishindwa mara tatu kweli, ya nne ikakubali. Tangu katikati ya Machi meno yanatoka mikononi mwangu makali ya kunyolea ndevu. Zile cheni za Aprili nilizinoa mwenyewe nikakatia kuni wiki nzima, kisha nikaziendesha kwenye mchanga nyuma ya choo mpaka zikawa butu, ndipo nikakutumia. Zile za kwanza uliuliza kama nilizikatia mawe. Kwa hizi za pili ungekuwa umekaribia.

Nilitaka kitu kilichopita mikononi mwako. Barua unaiandika kwa dakika kumi. Cheni inakuchukua Jumapili nzima, na mara thelathini na sita unanitaja. Ningeacheje kutuma?

Nijibu ukweli, hata ukipanda mpaka juu ya karatasi.

Mkeo


Kambini, 22 Julai

Mke wangu,

Tarehe nane Mei gogo liliviringika kabla hatujaliwekea kigingi. Nilijitupa pembeni nikapona mwili, mkono ukabaki chini yake. Gumba na kidole cha shahada vinafanya kazi. Vitatu vilivyobaki vipo lakini havikunji. Daktari anasema ndivyo vitakavyokuwa.

Walitaka kunirudisha nyumbani wiki ile ile. Mimi ndiye niliyeomba kubaki. Nimekuwa mlinzi wa geti, nainua mti lori lipite, nashusha. Mkataba uliongezwa kweli, ila sikukwambia ni mkataba wa nini. Honi usimlaumu, nilimwapisha.

Meno ya kulia yalinichukua robo saa. Ya kushoto nilijifunga tupa kiganjani kwa mpira wa baiskeli, kila mara ikateleza nikafunga upya. Jumapili mbili ziliishia hapo. Nilipomtuma Honi nilijua hayako sawa. Nilitumaini hutajua. Nilisahau nimemwoa nani.

Maumivu yalipita mapema. Kilichonizuia kuja ni kile kisiki. Nilijiona ni Jumamosi, nimemaliza meno ya kulia, nahamia upande wa pili, nashindwa, na wewe uko dirishani unamenya viazi ukijifanya huoni. Nililifikiria hilo kila siku getini.

Sasa umeniambia unajua kunoa. Nimefurahi, nakuapia. Halafu nimeumia. Kukata siwezi kama zamani, na kunoa ndiko kitu nilichodhani nimebakiwa nacho ambacho wewe huna. Mashine unayo, tupa unayo, mikono unayo miwili. Nikirudi nitakuwa nani hapo uani? Acha nikae huku kwanza, labda na mwaka ujao, mpaka nijue jibu.

Umenisomea hata karatasi. Hakuna mtu atakayenisoma hivyo tena, na hilo nalijua.

Mumeo


Nyumbani, 30 Julai

Mume wangu,

Nililia asubuhi. Mchana nikakasirika. Sasa hivi ni alasiri nimetulia, kwa hiyo nisikilize.

Hicho kisiki kina pande mbili. Miaka kumi na moja umekuwa ukihama huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo, na mimi nimekaa dirishani sina kazi zaidi ya viazi. Hakuna aliyesema lazima mtu mmoja anoe pande zote. Ni kwamba hatukuwahi kufikiri.

Kwenye shati hili kuna cheni. Meno ya kushoto nimeyanoa, mara tatu kila jino, kwa mkono huu huu usiojua sindano. Ya kulia sijayagusa. Yako butu kabisa, nimeyapitisha kwenye mchanga niwe na uhakika. Ukiifunga kwenye mashine hivyo ilivyo itakuvuta kushoto mpaka kwa jirani. Haifai kwa kazi yoyote duniani, na mimi sitaimalizia.

Usiinoe huko. Usimpe Honi. Nimemwambia akirudi na cheni hii peke yake, simfungulii mlango, na andazi asahau.

Unauliza utakuwa nani hapo uani. Utakuwa meno ya kulia, bwana. Kwani ulitaka kuwa nani?

Kibogoyo ameota meno mawili makubwa mbele, jina halimfai tena. Nimekataa kumbadilishia mpaka ushuhudie mwenyewe. Nami nimechoka kukukumbuka kwa barua. Nataka nikukumbuke ukiwa umetoka hapo nje tu kununua chumvi.

Mkeo


Kambini, 9 Agosti

Mama Kibogoyo,

Geti nimemkabidhi mwenzangu. Honi ameshawasha lori, anapiga honi kana kwamba simwoni, nami naandika juu ya goti. Ukiona mistari inapanda, leo wa kulaumiwa ni yeye.

Cheni ipo kwenye shati, shati lipo kwenye begi, begi nimelipakata. Jino lenye rangi yako nyekundu nimelikuta. Meno ya kulia sijayagusa.

Usiku kucha niliwaza kukuambia kwa mdomo haya yote, nikaona nitashikwa na kigugumizi mbele ya mtoto. Kwa hiyo barua hii Honi hataibeba. Nitakupitishia dirishani mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, uuone mara moja yaishe.

Isome taratibu. Ukimaliza, weka kisu cha viazi chini, chukua tupa yako, utoke. Nitakuwa nimeshabana mashine, nimesimama upande wangu wa kisiki. Usianze kuhesabu bila mimi.

Mumeo